Kompyuta Yasikia kwa Sikio Gani?

Elimu ya watu wazima kwa redio. Somo la kurekodi sauti: jinsi ya kuteua vyombo vya sauti katika programu ya kurekodia. Mazungumzo yamechapwa hapa ili vikundi vya kusikiliza viweze kuyarudia polepole.

MWALIMU: Nawasalimu nyote mliokusanyika kusikiliza somo hili, ninyi wa Kyela mjini, wa Ipinda, wa Matema, na wote mnaokaa kando ya Ziwa Nyasa. Mugonile. Leo sipo peke yangu hapa. Ninaye mama mmoja, mkulima wa mpunga na kokoa, ambaye ni mwanafunzi wetu. Yeye ataniuliza yale ambayo nanyi mngeniuliza kama tungekuwa chumba kimoja. Karibu, mama.

MWANAFUNZI: Ahsante, Mwalimu. Nimekaribia.

MWALIMU: Kila kikundi kiwe na kalamu na karatasi. Kikundi chenye kompyuta kiiwashe, na maikrofoni iwe mezani, lakini msiichomeke bado. Katika masomo yaliyopita tulijifunza kufungua programu iitwayo Audacity. Mwakumbuka kwamba programu hii hutolewa bure, na kwamba ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Yaweza kutumika katika kompyuta za Windows, za Mac na za Linux. Leo hatutarekodi wimbo wala hadithi. Leo twajifunza jambo linalotangulia kurekodi, yaani kuiambia kompyuta isikie kwa chombo gani, na itoe sauti kwa chombo gani.

MWANAFUNZI: Samahani, Mwalimu. Nikichomeka maikrofoni, si kompyuta itajua yenyewe?

MWALIMU: Swali zuri sana, mama. Hivyo ndivyo nilivyodhani mimi pia, na kudhani huko kulinigharimu. Nitawasimulia.

Miaka michache iliyopita nilitoka Kyela, nikapita Ipinda hadi Matema, nikapanda mtumbwi kwenda Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone. Wengi wenu mwapajua. Ndiko kwa Wakisi, mafundi wa vyungu. Vyungu wanavyofinyanga akina mama wa huko kwa mikono yao huvushwa kwa mitumbwi mpaka soko la Lyulilo, karibu na Matema, na kutoka hapo huenda mbali. Nilikwenda kwa bibi mmoja mfinyanzi, mtu mzima sana, anieleze kazi yake kwa lugha yake ya Kikisi, tangu kuchagua udongo hata kuchoma chungu. Kikisi ni lugha ya watu wachache. Nilitaka maneno yale ya kazi yabaki yakisikika kwa sauti ya mtu aliyeyatumia maisha yake yote.

Nilikuwa na maikrofoni nzuri, ya kuchomeka katika tundu la USB. Nikaiweka mbele ya bibi, kiasi cha shibiri moja kutoka kinywani. Nikabonyeza kitufe chekundu. Nikaona mawimbi ya sauti yanapita katika kioo cha kompyuta, nikaridhika. Bibi alisema saa nzima na zaidi. Alicheka, akaimba kidogo, akawataja waliomfundisha kazi. Jioni, huko Matema, nikavaa spika za masikioni nisikilize. Nilisikia nini? Feni ya kompyuta ikivuma, na vidole vyangu vikigonga meza. Bibi alikuwa mbali, kama mtu asemaye nyuma ya ukuta. Maneno machache tu yalishikika.

MWANAFUNZI: Kumbe maikrofoni ilikuwa mbovu?

MWALIMU: Hasha, mama. Maikrofoni ilikuwa nzima kabisa. Kompyuta ilikuwa ikisikia kwa sikio jingine, yaani maikrofoni ndogo iliyomo ndani yake yenyewe, karibu na kioo. Ile niliyoiweka mbele ya bibi ilikuwa imechomekwa, lakini hakuna aliyeiambia kompyuta iitumie.

MWANAFUNZI: Na kwa bibi hukurudi?

MWALIMU: Nilirudi baada ya masika. Nikakuta matanga yamekwisha.

MWANAFUNZI: Pole sana, Mwalimu.

MWALIMU: Ahsante, mama. Ndiyo maana naona somo hili la leo si dogo. Basi na tuanze.

Katika siku za mashine za utepe, kosa kama hili halikuwa rahisi kutokea. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, ilirekodi ngoma na nyimbo nyingi kwa mashine za namna hiyo. Fundi alichomeka waya wa maikrofoni katika tundu la mashine, na mashine ikasikia kwa waya huo. Kompyuta si hivyo. Kompyuta mpakato ya kawaida ina maikrofoni yake ya ndani. Ukichomeka maikrofoni ya nje, zimekuwa mbili. Ukiwa na spika za masikioni zenye maikrofoni, zimekuwa tatu.

Fikirini karani mmoja ofisini mwenye madirisha matatu. Karani huyu huandika kwa uaminifu kila analolisikia, lakini hukaa penye dirisha moja tu kwa wakati mmoja. Ukisimama penye dirisha la mashariki ukasema, naye amekaa penye dirisha la magharibi, ataandika nini? Ataandika kelele za magharibi, na sauti yako kwa mbali. Wala hatakuambia, "Bwana, umekosea dirisha." Ataendelea kuandika tu. Yale mawimbi niliyoyaona katika kioo yalionyesha kwamba karani anaandika. Hayakuonyesha amekaa dirisha gani.

MWANAFUNZI: Basi kazi yetu ni kumwambia karani akae wapi.

MWALIMU: Ndivyo hasa. Sasa andikeni hatua ya kwanza.

Hatua ya kwanza: chomeka maikrofoni kabla ya kufungua programu. Audacity inapofunguliwa huhesabu vyombo vyote vya sauti vilivyomo katika kompyuta na kufanya orodha. Chombo kitakachochomekwa baadaye huenda kisiwemo katika orodha hiyo. Ukiisha kufungua programu ndipo ukachomeka maikrofoni, usifadhaike. Yapo maneno ya kuiamuru programu ihesabu upya, nayo ni Rescan Audio Devices. Maneno haya utayakuta katika mahali nitakapopataja sasa hivi. Au funga programu, kisha uifungue tena.

Hatua ya pili: fungua orodha ya vyombo. Tazama juu, katika safu ya vitufe. Utaona kitufe chenye picha ya spika, kimeandikwa Audio Setup. Kitufe hiki kimekuwamo tangu toleo la 3.2, la mwaka 2022. Katika matoleo ya zamani kuna safu ya visanduku vinne badala yake, lakini mambo ni yale yale. Bonyeza kitufe, na orodha itafunguka. Mambo manne yanatuhusu: njia ya sauti, chombo cha kutolea sauti, chombo cha kurekodia, na idadi ya mikondo. Tutayachukua moja moja.

Njia ya sauti imeandikwa Host. Hii ni njia ambayo programu huitumia kuzungumza na vyombo. Katika Windows utaona majina matatu: MME, DirectSound na WASAPI. Kwa kawaida programu yenyewe huanza na MME, nayo hufaa katika kompyuta nyingi. Mwanafunzi mgeni na aiache hapo. Ila mjue jambo moja. MME hukata majina marefu ya vyombo, ikabakiza herufi 31 tu. Kwa hiyo jina la maikrofoni yako laweza kuonekana limekatika mwishoni. Hilo si kosa.

MWANAFUNZI: Na hiyo WASAPI, Mwalimu? Kijana wangu aliniambia ndiyo bora.

MWALIMU: Ni nzuri, nayo ni mpya zaidi kuliko MME. Lakini ina mtego wake. Ukiteua WASAPI, katika orodha ya vyombo vya kurekodia utaona majina yenye neno loopback mwishoni. Ukiteua jina la namna hiyo, programu itarekodi sauti inayotolewa na kompyuta yenyewe, kwa mfano wimbo unaopigwa ndani yake. Haitamsikia mtu aliyeketi mbele yako hata kidogo. Mtu anayetaka kumrekodi mzee akae mbali na majina hayo.

Sasa chombo cha kurekodia, kilichoandikwa Recording Device. Hapa ndipo palipo moyo wa somo letu. Fungua orodha yake, usome majina yote kwa sauti. Utaona moja la maikrofoni ya ndani. Mara nyingi hutajwa pamoja na jina la kampuni iliyotengeneza kadi ya sauti, kama Realtek. Utaona jingine, labda lenye neno USB, au jina lililoandikwa juu ya maikrofoni yako. Teua hilo. Ikiwa huna hakika lipi ni lipi, soma orodha, kisha chomoa maikrofoni, uhesabu upya vyombo, usome tena. Jina lililopotea ndilo la maikrofoni yako.

MWANAFUNZI: Hiyo nimeipenda. Ni kama kuita majina darasani ukaona nani hayupo.

MWALIMU: Vizuri sana, mama. Jambo la tatu ni idadi ya mikondo. Mtu mmoja na maikrofoni moja hutaka mkondo mmoja, uitwao mono. Andika 1. Ukiteua mikondo miwili, mara nyingi utapata sauti ile ile mara mbili, au upande mmoja una sauti na mwingine ni kimya, na nafasi katika kompyuta itatumika maradufu.

Jambo la nne ni chombo cha kutolea sauti. Teua spika zako za masikioni. Jihadharini hapa. Baadhi ya maikrofoni za USB zina tundu lao la spika. Ukizichomeka, kompyuta huzihesabu kuwa spika pia, na sauti yote huelekezwa huko. Watu wengi hurekodi vizuri kabisa, kisha wakipiga warudie kusikiliza wanakuta kimya, wakadhani kazi imepotea. Kabla ya kufuta chochote, tazama kwanza chombo cha kutolea sauti. Huenda sauti inatoka penye tundu lisilo na kitu.

Hatua ya tatu: ruhusa. Windows na Mac huweza kuizuia programu isitumie maikrofoni mpaka mwenye kompyuta aruhusu. Ikiwa umeteua chombo sawasawa na bado mstari ni bapa kabisa, bila wimbi hata dogo, nenda katika mipangilio ya kompyuta yenyewe, sehemu ya faragha, penye maikrofoni, utoe ruhusa.

Hatua ya nne: kasi ya kupima. Kompyuta hairekodi sauti kama utepe ulivyorekodi. Huipima sauti mara nyingi katika kila sekunde, ikaandika tarakimu. Sikio la kijana husikia mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde. Ili kuushika mtetemo, yahitajiwa vipimo zaidi ya viwili kwa kila mtetemo mmoja, yaani zaidi ya 40,000. Kwa sababu hiyo sahani za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, zilitumia vipimo 44,100 kwa sekunde, na kasi hiyo yatosha kwa maneno na nyimbo. Ikiwa maikrofoni yako imepangwa kwa 48,000, panga programu iwe 48,000 pia, ili zipatane.

MWANAFUNZI: Na nafasi, Mwalimu? Kompyuta yangu si kubwa.

MWALIMU: Tufanye hesabu. Kila kipimo huandikwa kwa baiti 2 katika faili la kawaida la WAV. Zidisha 44,100 kwa 2, unapata baiti 88,200 kwa sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600. Jibu ni kama megabaiti 318 kwa saa moja ya mkondo mmoja. Lakini wakati wa kurekodi, Audacity kwa kawaida huandika kila kipimo kwa baiti 4, kwa hiyo hesabu ni mara mbili, kama megabaiti 635. Mtu anayekwenda kurekodi saa mbili awe na nafasi ya gigabaiti mbili iliyo wazi, naye atakuwa salama.

Hatua ya tano, nayo ndiyo ambayo sikuifanya siku ile, ni jaribio la ukucha. Bonyeza kitufe chekundu. Sasa kwaruza maikrofoni ya nje taratibu kwa ukucha. Halafu kwaruza kompyuta, karibu na kioo. Simamisha, usikilize. Ikiwa mkwaruzo wa maikrofoni ya nje ndio uliosikika kwa nguvu, karani amekaa dirisha lake. Ikiwa mkwaruzo wa kompyuta ndio wenye nguvu, umeteua sikio la ndani. Rudi hatua ya pili. Mjue pia kwamba huwezi kubadili chombo wakati programu inarekodi. Sharti usimamishe kwanza.

MWANAFUNZI: Jaribio hilo ni la sekunde chache tu!

MWALIMU: Sekunde kumi, mama. Nilikaa na bibi yule saa nzima na zaidi, lakini sekunde kumi hizo sikuzitoa.

Baada ya hapo pima nguvu ya sauti. Mwambie msemaji aseme kama atakavyosema, labda aeleze alikula nini asubuhi. Tazama kipimo. Sauti inaposema kwa nguvu ifike kati ya alama ya −12 na ya −6. Ikigonga 0 inakatika kilele, nayo haitengenezeki tena. Ikiwa chini mno, sogeza maikrofoni karibu kidogo kabla ya kuongeza nguvu kwa kompyuta. Rekodi dakika moja, kisha usikilize kwa spika za masikioni, si kwa macho.

MWANAFUNZI: Mimi nikijaribu nyumbani nasikia sauti yangu inarudi nyuma yangu, kama mwangwi wa mlimani.

MWALIMU: Hapo kuna mambo mawili ya kutazama. La kwanza, programu huweza kuwa imeamriwa kukusikilizisha sauti yako wakati unaporekodi. Sauti hiyo hupita ndani ya kompyuta na kuchelewa kidogo, ndipo unausikia mwangwi. Zima amri hiyo katika mipangilio ya kurekodi. La pili, ukirekodi huku spika kubwa zinalia, maikrofoni huzisikia nazo. Tumia spika za masikioni.

MWANAFUNZI: Swali la mwisho. Jumatatu niliteua maikrofoni sawasawa. Jumatano nikakuta kompyuta imerudi kwenye sikio lake la ndani. Nani alibadili?

MWALIMU: Hakuna mtu aliyebadili. Ulipochomoa maikrofoni, karani alikuta dirisha limefungwa, akahamia jingine. Ulipoichomeka tena, labda katika tundu jingine la USB, huenda kompyuta iliihesabu kuwa chombo kipya. Tumia tundu lile lile kila mara, na ufanye jaribio la ukucha kila unapokaa mbele ya msemaji mpya. Usiamini mpango wa jana.

Nimalize kwa mambo ya huku kwetu. Kyela ni nchi ya mvua nyingi, na nyumba nyingi zimeezekwa bati. Hakuna mpangilio wa programu utakaoondoa mvua ya bati ukabakiza sauti ya mzee. Ngojeni inyamaze. Mkiwa ufukweni, mpeni ziwa mgongo wa maikrofoni, na mvike maikrofoni kitambaa kwa ajili ya upepo. Tena, ikiwa mnasikia mngurumo mzito usiokoma, chomoeni waya wa umeme, kompyuta iende kwa betri. Umeme wetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde, na mtetemo huo hupenda kuingia katika waya za maikrofoni.

Na kabla ya yote, mwombeni mzee ruhusa. Mwambieni sauti yake itawekwa wapi na nani ataisikia. Mwanzoni mwa kurekodi taja siku, mahali, na lugha itakayosemwa. Kisha faili la WAV liwekwe mahali pawili, lisikae katika kompyuta moja tu. Godfrey na Monica Wilson walipokaa na Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika mengi juu ya desturi za wazee, na vitabu vyao vyasomwa hata leo. Lakini kitabu hakiwezi kukurudishia mlio wa sauti ya mtu. Sisi tuna chombo cha kuushika, nacho chatosha kuwekwa mezani mwa jikoni. Basi tusikitumie kwa kubahatisha.

Hapa kuna kazi ya juma hili. Kila kikundi kijibu maswali haya, kisha kifanye jaribio:

1. Kwa nini mawimbi katika kioo hayatoshi kuonyesha kwamba maikrofoni ya nje inasikia?

2. Maikrofoni ikichomekwa baada ya programu kufunguliwa, tufanye nini?

3. Saa mbili za sauti ya mkondo mmoja, kwa vipimo 44,100 na baiti 2 kwa kila kipimo, zahitaji megabaiti ngapi?

4. Fanyeni jaribio la ukucha kwa maikrofoni ya nje, kisha kwa ile ya ndani. Kila mwanakikundi asikilize, aeleze tofauti.

Ukiisha kufanya hayo, mama, utaanza na nani?

MWANAFUNZI: Nitaanza na mama mkwe wangu, Mwalimu. Yeye anazijua nyimbo za kupanda mpunga za tangu utoto wake. Nitakwenda kesho, kama mvua itaniruhusu.

MWALIMU: Nenda, mama. Na ukwaruze kwanza. Wasikilizaji wapenzi, juma lijalo, Mungu akipenda, tutajifunza kukata na kuunga sauti bila kuharibu maneno ya msemaji. Mpaka hapo, kwaherini.